Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Kamati ya Jubilii iliniomba mimi katibu niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani ambaye kwaya yetu inaweza kujifunza kwake tunapotimiza miaka 25. Nimemchagua Johannes Rebmann. Shuleni wengi wetu tulimsoma kwa mstari mmoja tu, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Lakini huo mlima ulikuwa sehemu ndogo ya maisha yake.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Alisomea utumishi Basel, Uswisi, kisha shirika la CMS la Uingereza likamtuma Afrika Mashariki. Alifika Mombasa Juni 1846 na kupokewa na Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amezika mke na mtoto mchanga hapo hapo pwani. Mwezi wa Agosti wawili hao walipanda kilima cha Rabai kuanza kituo, wote wakiwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, na miguu iliwatetemeka njiani. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Mwaka wa 1848 Rebmann alisafiri kupitia Taita hadi Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliuona mlima ukiwa na weupe kileleni. Habari hizo zilipochapishwa, mabingwa wa jiografia Uingereza walizikataa. William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Rebmann alionekana mtu wa ndoto. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya wasafiri wengine kuuona mlima kwa karibu na kuthibitisha maneno yake. Katika safari nyingine ya Uchagani, mwaka wa 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya mali aliyobeba, akarudi pwani amechoka na mikono mitupu.

Huduma yenyewe ilikuwa ngumu zaidi ya safari. Watu wa Rabai walikuwa na desturi zao na wazee wao wa kaya, hawakuona haja ya kuziacha. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa mgonjwa, naye alifariki muda mfupi baadaye. Baada yake wakaja wachache, mmoja mmoja. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya. Mwaka wa 1857 Wamaasai walivamia eneo hilo, na Rebmann na mkewe Emma wakalazimika kukimbia. Baadaye walirudi. Mtoto wao alikuwa amefariki akiwa mchanga, na mwaka wa 1866 Emma naye akafariki. Rebmann akabaki Rabai, na macho yake yakaanza kufifia.

Wageni waliopita waliona mzee aliyejifungia na makamusi yake, na kanisa la watu wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walisema wazi kwamba miaka yote ile imepotea. Nasi tukiri kwamba hakuwa mpangaji hodari wa kituo, wala hakuwa na bidii ya kuzunguka vijijini kama alipokuwa kijana. Lakini neno alilitumikia kila siku. Alikaa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akaandika lugha yake neno kwa neno hadi ikawa kamusi. Alikusanya maneno ya Kirabai. Akaifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Mwaka wa 1875, akiwa karibu kipofu kabisa, alirudi Ujerumani kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Alisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa kanisa lile dogo. Injili yake ya Luka ilichapishwa mwaka wa 1876, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki huko Korntal. Kamusi ya Salimini ilitoka mwaka uliofuata, yeye hayupo. Kituo cha Rabai kikawa kimbilio la watumwa watoro, na tarehe 1 Januari 1889 mamia yao walipewa hati za uhuru pale pale kilimani. Rebmann hakuiona siku hiyo.

Kwa nini nimeleta habari hizi kwenye sherehe? Kwa sababu wengi wenu mnakumbuka msimu ule tulipofika mazoezini watu watano, sauti ya nne ikiwa na mtu mmoja, na kinanda kimeharibika. Mimi mwenyewe niliandika barua ya kujiuzulu. Niliibeba kwenye Biblia Jumapili tatu, lakini kila nikimtafuta mwenyekiti nimpe, namkuta anapanga viti vya mazoezi. Sikumpa. Baadaye nilipoisoma habari ya Rebmann, nilijiuliza alipata wapi furaha ya kukaa miaka 29 bila kuona umati. Naona aliipata katika kazi ya siku ile ile: neno moja limeandikwa, mtu mmoja amefundishwa, sala ya jioni imeombwa, kesho tena.

Wanakwaya wenzangu, huenda miaka 25 ijayo ikawa na misimu kama ule. Mkifika mazoezini mkakuta watu watano, anzeni kwa wakati.

Mungu aibariki kwaya yetu na kanisa letu. Amina.

Katibu wa Kwaya