Nduna Mkomanile: Aliponzwa na dawa au cheo?

Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi wa Wangoni walioshiriki Vita vya Maji Maji. Mwanamke pekee kati yao alikuwa Nduna Mkomanile wa Kitanda.

Sababu ya kunyongwa kwake ingali inajadiliwa. Wapo wanaoamini kuwa aliponzwa na dawa, kwani mwaka 1905 alimpokea Omari Kinjala, mjumbe aliyeleta Ungoni maji ya Kinjikitile Ngwale, na habari zake zikamfikia Nkosi Chabruma. Wengine husema aliponzwa na cheo, kwa vile Wajerumani walidhamiria kuung'oa uongozi wa Wangoni.

Hata hivyo, cheo peke yake hakikutosha kumhukumu mtu. Huku Rungwe, ambako Wanyakyusa hawakujiunga na vita hivyo, machifu hawakupelekwa kitanzini. Nayo dawa haielezi yote, kwa sababu wengi walionyongwa pamoja naye hawakuwa wajumbe wa maji.

Inaelekea, basi, kwamba Mkomanile alihukumiwa kama mtawala aliyechagua vita. Kumtaja kama mpokeaji wa dawa tu ni kumpunguzia hadhi ambayo hata adui zake waliitambua.