Jacques Cousteau: Mzamiaji aliyeshindana na baridi ya bahari

Mtafiti wa bahari kutoka Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, aliyefariki dunia mwaka 1997, hukumbukwa kwa filamu zake na kofia yake nyekundu ya sufu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwaonyesha walimwengu siri za bahari, ilimbidi atafute vazi la kuukinga mwili wake.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni mwaka 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Mwaka 1930 aliingia chuo cha wanamaji mjini Brest, akitumaini kuwa rubani. Matumaini hayo yalizimwa na ajali ya gari mwaka 1936, iliyomjeruhi vibaya mikono.

Ili mikono ipate nguvu tena, alianza kuogelea karibu na Toulon, akihimizwa na mwanamaji mwenzake, Philippe Tailliez. Mwaka huo huo alivaa miwani ya majini, akainamisha kichwa, na kuona ulimwengu ambao hakuachana nao tena hadi kufa kwake.

Adui wa kwanza

Ulimwengu huo ulikuwa na baridi kali. Maji huunyang'anya mwili joto kwa kasi inayofikia mara 25 ya hewa, na Bahari ya Mediterania wakati wa kipupwe haimhurumii mtu. Kujipaka mafuta hakukusaidia kitu, kwani maji huyaosha. Cousteau akaanza kujitengenezea mavazi ya mpira.

Vazi lililojazwa hewa kidogo lilimpa joto, lakini lilikuwa na hila yake. Mzamiaji akienda chini, hewa husinyaa na vazi humvuta chini zaidi. Akipanda, hewa hutanuka na kumrusha juu.

Mwaka 1943, katika Ufaransa iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani, Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walibuni kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mitungi kila anapovuta pumzi. Kuanzia hapo binadamu aliweza kuogelea chini ya maji bila kufungwa kwa bomba wala kamba. Lakini kadiri alivyoweza kukaa chini kwa muda mrefu, ndivyo baridi ilivyozidi kuwa kikwazo. Mwaka 1946 Cousteau alikamilisha vazi kavu ambalo ujazo wake wa hewa haukubadilika, hata kina kiwe kipi.

Jibu jingine lilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwanafizikia Hugh Bradner, aliyewahi kushiriki katika utengenezaji wa bomu la atomiki, alitambua kwamba si lazima mzamiaji awe mkavu. Joto huhifadhiwa na viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wa neoprini, na maji machache yanayoingia hupashwa joto na mwili.

Sharti lake ni moja: vazi likae sawasawa mwilini. Likipwaya, maji baridi huingia na kutoka kila mzamiaji anapojigeuza, na joto huondoka nayo. Likibana kupita kiasi, kifua hushindwa kutanuka na pumzi huwa nzito. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Kutoka Ghuba hadi Ushelisheli

Mwaka 1950 Cousteau alipata meli ya Calypso, iliyokuwa ikitegua mabomu ya baharini wakati wa vita. Mwaka 1954 wazamiaji wake walichunguza sakafu ya bahari ya Abu Dhabi kwa niaba ya watafutaji wa mafuta. Filamu yake kuhusu ulimwengu wa kimya wa bahari, iliyopigwa kwa sehemu katika Bahari ya Hindi, ilitunukiwa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956.

Filamu hiyo hiyo ilimletea lawama, kwani inaonyesha baruti ikiua samaki na mabaharia wakiwachinja papa. Cousteau alibadilika. Mwaka 1960 alikuwa mstari wa mbele kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, na miaka iliyofuata aliitumia kuitetea bahari.

Alifariki dunia mjini Paris tarehe 25 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 87, na kuzikwa katika mji alikozaliwa.