Humphry Davy na Taa ya Wachimba Makaa

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 katika mji wa Penzance, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, mchonga miti, alifariki Humphry angali kijana. Akawekwa kwa tabibu ajifunze uganga, lakini moyo wake ulipenda kuchungua asili ya vitu, hata akawa mtaalamu mashuhuri huko London.

Zamani zile wachimba makaa ya mawe walifanya kazi chini ya ardhi kwa mwanga wa mishumaa. Nako hutoka katika makaa hewa isiyoonekana wala kunuka. Ikichanganyika na hewa ya kawaida, kisha ikakutana na moto, hulipuka kama baruti. Tarehe 25 Mei 1812, katika shimo la Felling karibu na Newcastle, watu 92 walikufa siku moja, na baadhi yao walikuwa wavulana wadogo.

Mwaka 1815 kasisi Robert Gray alimwomba Davy msaada. Davy akaenda mwenyewe kuyaona mashimo, na aliporudi London akaletewa chupa za hewa ile. Hakukimbilia kuunda taa. Kwanza alitaka kujua moto hupitaje, akaijaribu hewa ile katika vibomba vipana na vyembamba. Akaona ya kuwa mwali haupiti katika tundu jembamba la chuma, kwa sababu chuma hunyang'anya joto lake. Basi akauzungushia mwali wa taa wavu wa waya wenye matundu madogo mno, hewa iingie, moto usitoke. Tena hewa mbaya ikizidi, mwali hubadilika, mchimbaji akaonywa. Januari 1816 taa ikajaribiwa shimoni Hebburn, ikafaa. Rafiki zake walimshauri ajipatie mali kwayo, akakataa.

Fundi George Stephenson naye aliunda taa yake wakati ule ule, wakagombana sana.

Walakini taa ya Davy ilikuwa na upungufu. Wavu ukila kutu au kutoboka, hata mahali pamoja, kinga imekwisha. Upepo mkali wa shimoni uliweza kuusukuma mwali nje. Mwanga wake ulikuwa hafifu, na wachimbaji wengine waliifungua ili waone vema. Baya zaidi, wenye mashimo waliitumainia mno, wakawapeleka watu mahali palipokuwa pameachwa kwa hatari yake. Kwa hiyo milipuko haikukoma.

Davy alifariki Geneva mwaka 1829. Baada yake mafundi wa Uingereza na Ubelgiji waliuzungushia mwali kioo, wakaukinga wavu na upepo.