Pasqua Rosée, Mgiriki aliyewanywesha kahawa watu wa London

Magharibi ikishaswaliwa hapa Mji wa Kale, mzee wa kahawa hupita na dele lake, makaa yakiwaka chini yake na vikombe vikilia mkononi. Barazani hapana anayeuliza kahawa ilitoka wapi. Twajua ni Yemen, kwa masufi walioinywa wapate kukesha katika dhikri, na twajua Washihiri waliiuza mitaani humu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Nililolijua ukubwani ni kwamba hata London ilifunzwa kahawa na mgeni, na aliyofanyiwa mgeni huyo hayatamshangaza mtu wa Pwani.

Jina lake Pasqua Rosée. Alikuwa Mgiriki, mtumishi wa Daniel Edwards, tajiri wa Kiingereza aliyefanya biashara Smyrna, bandari ambayo leo ni Izmir ya Uturuki na zama hizo ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Edwards alizoea kahawa huko hadi ikawa hawezi kukaa bila ya hiyo. Aliporudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1650, akaja na magunia yake ya buni na Pasqua wa kuipika.

London ya wakati ule haikuwa na mfalme, kwani Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649. Watu walikunywa bia tangu asubuhi. Husimuliwa kwamba marafiki wa Edwards walipoonja kahawa ya Pasqua walianza kumiminika nyumbani kwake kila asubuhi, mpaka kazi zake zikamshinda. Ndipo alipomsaidia mtumishi wake kufungua kibanda mwaka 1652, katika kichochoro cha St Michael mtaa wa Cornhill, kando ya kanisa. Walichagua pahali pazuri, maana hapo ni hatua chache tu kutoka soko kuu la matajiri wa mji. Juu ya mlango Pasqua alitundika picha ya kichwa chake mwenyewe.

Alichapisha pia tangazo, na nakala yake imehifadhiwa hadi leo. Humo alieleza kahawa ni nini na yatoka wapi, kisha akaanza kuisifu: yasaidia tumbo, yatuliza kichwa, yafaa kwa kikohozi na kwa jongo. Aliagiza inywewe ya moto kadiri mtu awezavyo kustahamili, na mnywaji asile kitu saa moja kabla na saa moja baada. Akaonya isinywewe baada ya chakula cha usiku ila na anayetaka kukesha. Wauzaji wetu wa supu ya pweza wakidhani wao ndio waliobuni matangazo ya namna hii, basi wamechelewa miaka mia tatu na zaidi.

Kibanda kikashika, na husuda ikaja. Wenye vilabu vya bia waliona wateja wakipungua, wakaenda kwa meya kushitaki. Hawakusema kahawa ni mbaya. Walisema Pasqua si mtu wa jiji, kwa hiyo hana haki ya kuuza chochote ndani yake. Sheria ilikuwa upande wao, kwani biashara ya jiji ilikuwa ya walioandikishwa kuwa wenyeji huru, na Mgiriki aliyeletwa kama mtumishi hakuwamo.

Dawa ilipatikana kwa mkwewe Edwards, Thomas Hodges, aliyekuwa mkubwa katika baraza la jiji. Dereva wa gari lake la farasi, Christopher Bowman, alikuwa na hiyo haki ya mwenyeji. Akaunganishwa na Pasqua wawe washirika. Ndugu zetu waliofanya kazi Ghuba wana neno lake: Bowman akawa kafili. Ujuzi ni wa Pasqua, jina na picha mlangoni ni zake, lakini bila ya Bowman hauzi hata kikombe kimoja.

Kisa hiki kilinigusa kwa sababu ya ami yangu, Mungu amrehemu. Aliuza kahawa na halua miaka mingi, kisha siku moja dele likachukuliwa kwa kukosa karatasi. Alirudi kazini kwa leseni ya mtu mwingine, na tangu siku ile kila jioni alikuwa akimhesabia mtu huyo pesa kwanza, ndipo ahesabu zake.

Biashara ya washirika wale ilitoka kibandani ikaingia nyumba kamili. Kabla ya miaka ya 1650 kwisha, jina la Pasqua likawa halionekani tena katika daftari za mtaa. Bowman ndiye aliyebaki na duka.

Kahawa yenyewe haikurudi nyuma. Kufika 1663, miaka kumi na moja tu baada ya kibanda kile, mikahawa ya London ilipita 80. Watu walikaa humo wakinywa, wakisoma habari na kuzungumza siasa, mpaka mwisho wa 1675 Charles wa Pili akatangaza yote ifungwe. Kelele zilizopigwa zilimfanya airudishe amri yake kabla haijaanza kazi. Na Lloyd's, jina linalojulikana na kila wakala wa meli Kilindini, lilianzia katika mkahawa wa mtu aitwaye Edward Lloyd, ambako manahodha na wenye meli walikuwa wakikutana.

Moto mkubwa wa 1666 uliteketeza mtaa ule wa Cornhill. Ulijengwa upya, na kichochoro bado kipo. Ukutani kuna kibao cha kumbukumbu kinachotaja mkahawa wa kwanza wa London, alama ya kichwa cha Pasqua Rosée na mwaka 1652. Bowman hakutajwa. Ndani ya jengo hilo leo mna kilabu, na kinachouzwa ni mvinyo na bia.