Nilimkuta Tingatinga Eldoret

Mwezi uliopita nilikwenda Eldoret kwa msiba wa jamaa. Mkahawani karibu na steji nikaona picha ukutani: ndege wawili wenye madoa, macho yamewatoka, nyuma yao rangi moja tu. Nikamuuliza mwenye mkahawa ni kazi ya nani. Hakujua, aliinunua tu.

Mtindo ule ninaujua ulikotoka. Ni wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, 1932. Alifanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, akatumika nyumba za watu Dar es Salaam, kisha 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi ya kupaka baiskeli. Shule ya sanaa hakuingia. Hata alipopata kazi hospitali ya Muhimbili, brashi hakuiweka chini.

Ninalompendea ni kwamba hakuuficha ujuzi. Aliwaita jamaa zake, vijana waliokuja mjini kutafuta kibarua kama yeye, akawakalisha na kuwafunza.

1972 polisi wa Dar walilifyatulia risasi gari alimokuwamo, wakidhani ni la wezi. Akafa na miaka yapata 40. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa mtu anavyouawa kwa dhana.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. 1990 wakasajili chama cha ushirika, na mpaka leo wanachora pale Oysterbay.

Nilipomaliza kusimulia, mwenye mkahawa alipanda kiti, akaifuta vumbi ile picha.