Kikulacho ki nguoni: Funzo la daktari Semmelweis

Tangu jadi binadamu amekuwa akijiuliza uhai hutoka wapi na mauti huingilia mlango gani. Wahenga walijibu kwa imani na mila, na wanasayansi wakadai kujibu kwa hoja. Hata hivyo, naamini kwamba wasomi nao wana mila zao, na mila ya msomi ni ngumu zaidi kuivunja kwa kuwa yeye huiita elimu. Sijaona ushahidi wa jambo hili unaopita maisha ya daktari Ignaz Semmelweis.

Semmelweis alizaliwa mwaka wa 1818 huko Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Alikwenda Vienna, Austria, kusomea sheria, lakini akaiacha na kushika udaktari. Alihitimu mwaka wa 1844, na miaka miwili baadaye akawa msaidizi wa profesa katika kitengo cha uzazi cha hospitali kuu ya mji huo.

Kitengo hicho kilikuwa na wodi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ya wakunga na wanagenzi wao. Waja wazito walipokewa kwa zamu, leo wodi hii, kesho ile. Mwaka wa 1846, katika kila akina mama 100 waliojifungulia kwa madaktari, zaidi ya 11 walikufa, wengi wao kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 3. Wanawake wa Vienna waliyajua hayo. Walipiga magoti wakilia wasipelekwe kwa madaktari. Hata waliojifungulia njiani walinusurika zaidi.

Wasomi hawakukosa majibu. Wengine walitaja hewa chafu, wengine mabadiliko ya anga, wengine hofu ya wagonjwa wenyewe. Semmelweis aliyapima majibu hayo moja baada ya jingine. Hewa ya wodi zote mbili ilikuwa ile ile. Kasisi aliyekwenda kuwapa sakramenti waliokuwa mahututi alikatiza wodi ya kwanza akitanguliwa na mlio wa kengele, nao ulidhaniwa kuwatia akina mama kiwewe cha kuwaua. Semmelweis akamwomba apite njia nyingine, kimyakimya. Vifo havikupungua. Akabadilisha hata namna ya kulala wakati wa kujifungua, asifaulu.

Mnamo Machi 1847 rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kujeruhiwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis alipoisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa marehemu, aliona dalili zile zile za maradhi yaliyowaua akina mama. Hapo ndipo alipong'amua. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima waja wazito. Wakunga hawakupasua maiti. Naam, mkono uliokitafuta chanzo cha kifo ndio uliokibeba!

Mwezi wa Mei aliamuru kila aingiaye wodini anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka wa 1848, vifo katika wodi ya kwanza vilikuwa vimeshuka hadi kiasi cha 1 kwa kila wazazi 100.

Je, alishangiliwa? La hasha. Wachache walimuunga mkono, lakini wakubwa wengi walimpuuza. Ni kweli kwamba hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichokuwa mikononi, kwani elimu ya viini vya maradhi ilikuwa bado changa. Ni kweli pia kwamba alichelewa kuandika, kitabu chake kikatoka mwaka wa 1861, na kwamba aliwaita wapinzani wake wauaji. Lakini naona kizuizi kikuu kilikuwa kingine. Kuukubali ushahidi wake kulikuwa sawa na daktari kukiri kwamba amewaua wale aliowahudumia.

Mwaka wa 1850 alirejea kwao, akaendelea kuokoa wazazi mjini Pest. Mwaka wa 1865, akili yake ikiwa imeyumba, alipelekwa kwa hila katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Walinzi walimpiga. Baada ya majuma mawili hivi alikufa akiwa na umri wa miaka 47, damu yake ikiwa imeingia sumu kutokana na jeraha. Mwaka wa 1879, Louis Pasteur alikionyesha kiini cha homa ya uzazi.

Nimeyasimulia haya kwa sababu darasani huwa tunafundisha viini vya maradhi kama jambo lililoshuka kutoka mbinguni. Mwanafunzi hukariri, akajibu mtihani, asijue kamwe kwamba maarifa hayo yalipatikana siku mtu alipothubutu kuushuku mkono wake mwenyewe.

Nasi walimu je? Darasa likianguka mtihani, hutaja uvivu wa wanafunzi, uzembe wa wazazi na uhaba wa vitabu. Mwanafunzi naye humtaja mwalimu. Huenda sababu hizo zote zina ukweli. Lakini hizo ni kengele ya kasisi. Kabla ya kuinyamazisha, kila mmoja wetu na aitazame kwanza mikono yake.