Ahmad bin Majid, Rubani Aliyehakiki Elimu ya Baba Yake

Majahazi yaliyotoka Kilwa kwenda Sofala yalipita Rasi Delgado na visiwa vya Kerimba, penye miamba isiyomsamehe nahodha mzembe. Katika karne ya 15, Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliitungia njia hiyo ya Sofala utenzi wa Kiarabu.

Baba na babu yake walikuwa marubani. Alirithi elimu yao, lakini alipima upya nyota kwa kipimo cha vidole, akamsahihisha hata marehemu baba yake kuhusu Bahari ya Sham. Askari aliyewahi kukabidhiwa ramani kuukuu ataelewa.

Baadaye alilaumiwa kumwongoza Vasco da Gama mwaka 1498. Waandishi wa Kireno walimtaja rubani wa Gujarati. Hata hivyo lawama ilirudiwa bila kuhakikiwa.